Paa liko mita saba juu: kamera za godauni zifungwe wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Nina godauni la mahindi na maharage hapa Moshi, upande wa Pasua. Jengo lina upana wa mita 18 na urefu wa mita 30. Halina dari, ni kenchi za chuma na bati tu, na kutoka sakafuni hadi chini ya kenchi nimepima mita 7. Mlango mkubwa ni mmoja, uko mbele. Mizani iko ndani, kama mita 6 kutoka mlangoni. Tangu msimu uliopita magunia yanapungua na hakuna anayejua yanakokwenda. Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza anataka kufunga kamera 8 za kuba, zile zilizofunikwa bakuli angavu, juu kabisa kwenye kenchi, anasema huko mwizi hazifikii. Wa pili anasema zote 8 zining'inizwe kwa mabomba ya mita tatu na nusu. Bei zao zimepishana sana. Nimfuate nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimfuate yeyote kati yao, ingawa wa pili amekaribia. Wote wawili wameangalia paa lako kabla ya kuuliza unataka kumwona nani, akiwa anafanya nini. Kwa jengo kama hilo mimi ningefunga kamera 7. Mbili zingekaa juu, tano zingekaa chini kwenye kimo cha mita 2 na nusu hadi 3 na nusu, na katika hizo 7 ni moja tu ambayo ingehitaji bomba la kuning'inia. Sasa nikueleze kwa nini, maana mafundi wako watabisha.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado na haraka ya ujana, nilifunga kamera 6 kwenye godauni moja pale Unga Limited, Arusha. Zote nilizipandisha kwenye kenchi, mita 8. Mwenye mali alifurahi mno, kwenye skrini aliona kila kona mpaka paka akipita. Baadaye wakaibiwa. Tukakaa na askari mpelelezi, tukarudisha picha nyuma mpaka saa yenyewe, na kweli mtu alionekana akitoka na mzigo, taratibu, hana wasiwasi wowote. Askari akauliza, "Huyu ni nani?" Tukakuza picha. Ilikuwa kofia: kofia ya bluu, mabega mawili, na ncha za viatu zikitokeza kila akipiga hatua. Kofia za namna hiyo waligawiwa vijana wote wa pale walipokwenda kwenye maonyesho ya Nane Nane. Yule askari alikuwa mtu wa adabu, hakunicheka. Mwenye mali naye hakunipigia simu tena.

Kosa langu lilikuwa la hesabu za darasani. Uso wa mtu mzima aliyesimama uko kama mita 1.6 kutoka chini. Kamera yako ikiwa mita 7, iko mita 5.4 juu ya uso huo. Mtu akiwa mita 5 mbele ya kamera, inamtazama kwa mteremko wa nyuzi 47, yaani inaona utosi. Akiwa mita 10, mteremko ni nyuzi 28. Ukingo wa kofia bado unafunika macho. Ili mteremko ushuke hadi nyuzi 15, ambapo sura inaanza kuonekana kama ya kwenye kitambulisho, lazima awe mita 20 kutoka hapo. Sasa ishushe kamera hiyo hiyo mpaka mita 3. Nyuzi 15 zile zile unazipata mtu akiwa mita 5 tu.

Umbali nao una gharama yake. Kuna kipimo cha kimataifa, IEC 62676-4, kinachohesabu pikseli, yaani nukta za picha, kwa kila mita ya kitu unachokitazama. Nakupa namba za toleo lake la 2014. Kwa pikseli 25 kwa mita unajua kuna mtu. Kwa 125 unaweza kumtambua mtu unayemfahamu tayari. Kwa 250 unaweza kumthibitisha hata mgeni. Kamera ya megapikseli 4 ina pikseli 2560 kutoka kushoto kwenda kulia. Lenzi inayokuja nayo mara nyingi ni ya milimita 2.8, ambayo hufungua macho kiasi cha nyuzi 100. Mita 20 mbele yake inatazama upana wa karibu mita 48, na ukuta wako wa mbele haufiki hata nusu ya hapo. Gawanya 2560 kwa 48: pikseli 53 kwa mita. Uso una upana wa sentimita 16 hivi, kwa hiyo sura nzima ya mwizi wako imepewa pikseli 8 au 9. Hata mama yake hamtambui. Ile iliyoshushwa, ikiwekwa lenzi ya milimita 4 na kutazama mlango ulio mita 5 mbele, inaona upana wa mita 8 na kidogo, na inakupa zaidi ya pikseli 300 kwa mita.

Muuzaji atakwambia nunua megapikseli 8, tatizo limeisha. Halijaisha. Utaiona kofia vizuri zaidi.

Nimtendee haki fundi wako wa kwanza, kwa sababu ana njia moja ya kujitetea. Anaweza kuweka kamera mita 7 juu, mita 20 nyuma ya mlango, yenye lenzi ndefu ya milimita 12. Hapo mteremko ni mzuri, na pikseli zinafika 250 kwa mita. Kwenye ukumbi wa mikutano au uwanja wa ndani wa michezo ningemkubalia. Lakini godauni la nafaka si ukumbi. Mahindi yakianza kuingia, mirundo inapanda mita 4 au 5, na kila msimu inapangwa tofauti. Kamera iliyokuwa inaona mlango mwezi wa tano, mwezi wa nane inatazama ubavu wa magunia. Wewe mwenyewe unajua wapakiaji wakichoka wanapanga njiani.

Halafu kuna jambo la wapakiaji ambalo vitabu vya kamera havina, kwa sababu walioviandika hawakuona watu wakishusha fuso pale Kilombero. Mbeba gunia hutembea ameinama, gunia liko mgongoni na juu ya kichwa. Ukimtazama kutoka juu unaona gunia lenye miguu. Ukimtazama kutoka mbele akiwa amebeba, unaona paji la uso na jasho. Sura yake unaipata akirudi mikono mitupu, au akisimama kwenye mizani, au akishamkabidhi mwenzake mzigo nje ya mlango. Kwa hiyo kamera zako zinatakiwa kufanya kazi mbili tofauti: nyingine zihesabu magunia, nyingine zipate sura. Kazi ya kuhesabu inapendeza ikifanywa kutoka juu. Kazi ya sura inafanywa kutoka chini. Mafundi wako wote wawili wanataka kamera moja ifanye zote.

Nikipanga kwa jengo lako, naanza na zile mbili za juu. Moja ningeifunga kwenye kenchi ya kwanza, karibu kabisa na mlango, ikitazama chini karibu wima. Hii ndiyo karani wako asiyechoka: kila gunia linalovuka kizingiti linaonekana, na gari likirudi kinyumenyume, unaona ndani ya bodi. Kamera ya chini haiwezi kuona ndani ya bodi la fuso hata ufanyeje. Ya pili ningeiweka kwenye ukuta wa nyuma, mita 6 na nusu juu, ikitazama mbele juu ya mirundo yote. Hiyo siitegemei kwa sura. Iko pale kwa ajili ya mtu anayelala juu ya magunia mpaka mlango ufungwe, na kwa ajili ya wale wanaofungua bati usiku na kushuka kwa kamba.

Za chini, ya kwanza kwa umuhimu iko nje. Gunia la kuibiwa linatoka, haliingii, na mtu anayetoka anatazama nje. Kama una geti, weka kamera kwenye nguzo ya geti, mita 3 juu, ikiutazama mlango wa godauni. Kwenye umbali wa mita 7 lenzi ya milimita 6 inatosha na kubaki. Kuna faida nyingine hapo: ukimtazama mtu wa mlangoni kutoka ndani mchana, nyuma yake kuna jua lote la uwanjani, anakuwa kivuli cheusi. Kutoka nje jua linamwangaza. Kwa kuwa hii itafikiwa na mkono, nunua yenye ganda gumu lililoandikwa IK10, na waya upite ndani ya bomba, usionekane.

Ya pili ni ile ya mizani, nitairudia kwa sababu ndiyo yenye bomba. Ya tatu na ya nne zikae kwenye nguzo za kuta za pembeni, moja kila upande, mita 3 na nusu, zikitazama njia za kati ya mirundo. Hizo hazihitaji kutoboa chuma. Zifunge kwa bendi za chuma kisichoshika kutu, kama wanavyofunga mabango kwenye nguzo za umeme, na mwezi wowote ukitaka kuzihamisha unazihamisha. Ya tano ni ya mlango wa ofisi na meza ya malipo, ukutani tu, mita 2 na nusu.

Sasa bomba la mizani. Katikati ya godauni huna nguzo wala ukuta, na mizani ndipo uongo mwingi unapozaliwa, kwa hiyo hapa fundi wa pili ana haki. Tafuta sehemu iliyo kando ya njia ya gari, si juu ya njia. Pima kimo cha gari la juu kuliko yote linaloingia, likiwa na mzigo na turubai, uongeze nusu mita. Kamera iliyoning'inia mita 3 na nusu haitaishi wiki kama fuso linapita chini yake. Ukiiweka ikitazama mlango kupitia kwenye mizani, inapata sura ya anayeingia na pia anayepima. Hii lazima iwe na uwezo unaoandikwa WDR, yaani wa kuonyesha penye jua kali na penye kivuli katika picha moja, na uwe wa kweli wa desibeli 120, kwa sababu yenyewe ndiyo inatazama jua la mlangoni.

Bomba lenyewe liwe la chuma lililopakwa zinki, siyo la plastiki na siyo la fremu ya dirisha. La inchi moja na nusu lina uzito wa kilo 3 na nusu hivi kwa mita. Mita 3 na nusu ni kilo 12 na ushee, ongeza kamera na kikombe chake, kile kinachoishika kwenye bomba, unafika kilo 14 au 15. Kenchi ya chuma iliyojengwa sawasawa haijali uzito huo, mradi uuweke panapotakiwa, yaani pale vyuma vinapokutana. Fundi akifunga katikati ya kipande cha chini, mbali na kiungo, anakipinda kidogo kidogo. Kama kenchi zingekuwa za mbao ningesisitiza zaidi.

Asitoboe kenchi, na asichomelee. Kutoboa kunapunguza chuma mahali ambapo mwenye kuchora jengo alikihesabu chote. Kuchomelea kuna ubaya zaidi: cheche zinadondoka juu ya magunia ya plastiki na vumbi la mahindi, na vumbi la nafaka likiwa hewani linaweza kulipuka kama petroli. Tumia sahani ya chuma yenye unene wa milimita 6 na yubolti zinazokumbatia kenchi, zile zile za springi za magari kwa umbo lakini ndogo zaidi. Gereji yoyote ya Moshi inakukunjia kwa vipimo vyako. Nati ziwe na washa za kubana au nati mbili mbili, kwa sababu paa la bati halitulii. Mchana linatanuka, usiku linasinyaa, na upepo unaoshuka mlimani unalitikisa.

Jambo moja dogo linalopoteza siku nzima ya kazi: uzi wa bomba. Vikombe vya kamera vingine vimechongwa kwa uzi wa Marekani unaoandikwa NPT, vingine kwa uzi unaoandikwa G. Mabomba ya madukani kwetu yanafuata uzi wa Kiingereza, na G inaendana nao. Kwa inchi moja na nusu NPT haingii. Zamu mbili za kwanza zinakudanganya, ya tatu inakwama, na fundi mwenye nguvu anavunja kikombe. Soma karatasi kabla ya kulipa. Mwambie pia aweke skrubu ya pembeni inayozuia bomba lisijifungue, maana mtikisiko wa miezi mingi hulegeza uzi wowote.

Kuyumba ndilo tatizo kubwa la mabomba marefu, na ndiyo sababu sipendi uwe nayo manane. Kamera ikisogea nyuzi moja tu, picha ya kitu kilicho mita 10 inahama sentimita 17. Usiku kamera inakaza macho kwa kuacha lenzi wazi muda mrefu zaidi, kwa hiyo kuyumba kunageuka ukungu. Tena mashine ya kurekodi itadhani kila kitu kinatembea, na itakujazia simu taarifa za uongo mpaka uzizime zote. Dawa yake ni waya tatu nyembamba za chuma, kutoka theluthi mbili za bomba kwenda chini, zikitanuka juu kuelekea kwenye kenchi kwa pande tatu, zikakazwa kidogo kwa skrubu za kuvutia waya. Zisikazwe kama gitaa, zishike tu. Na kando ya hizo, uwepo waya wa nne wa usalama, umefungwa kwenye mwili wa kamera yenyewe na juu kwenye kenchi, usiotegemea uzi wala sahani. Watu wanasimama chini ya kitu hicho siku nzima.

Tundu la juu la bomba lizibwe kwa silikoni baada ya waya kupita. Nimeshafungua kikombe nikakuta nyigu wamehamia, wamejenga, na wana watoto. Hata bila nyigu, hewa yenye unyevu inashuka ndani, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba kioo cha kamera kinatoa jasho. Kabla waya haujaingia kwenye bomba, uache ushuke kidogo na kupanda tena, ili maji ya bati yadondokee hapo badala ya kuufuata waya mpaka ndani.

Kuhusu aina ya kamera, kuba hapana. Lile bakuli angavu linashika vumbi la mahindi, na usiku miale ya infraredi, ule mwanga wa kamera usioonekana kwa macho, inagonga vumbi hilo na kurudi kwenye lenzi. Chukua zile za jicho, mpira unaozungushwa bila kifuniko, au zile ndefu zinazofanana na tochi. Hizi za pili njiwa huzipenda kukalia, ujue. Ile ya ukuta wa nyuma isikae karibu na bati wala papi zikawa mbele ya jicho lake. Mwanga wake wenyewe utarudi kutoka kwenye bati na picha yote itakuwa nyeupe. Ishushwe nusu mita chini ya papi, na isielekezwe juu. Buibui nao hufuata wadudu wanaofuata ule mwanga, na utando mmoja mbele ya lenzi usiku unafanana na pazia la harusi. Ukiweza kuacha taa mbili za LED zikiwaka usiku kucha, zima infraredi kabisa kwa kamera za ndani; utapata picha ya rangi, na kofia ya bluu utajua ni ya bluu.

Ziko pia dawa za kufukiza. Kama unatumia vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini kwa ajili ya dumuzi na fukusi, ujue gesi hiyo inakula shaba, na shaba ndiyo iliyo ndani ya kila waya na kila kadi ya kamera. Ukifukiza mrundo uliofunikwa turubai na kuzungushiwa mifuko ya mchanga, kamera zilizo mbali ziko salama kiasi. Ukifukiza godauni zima lililozibwa, zishushe kamera kwanza, na ncha za waya uzifunge kwenye mifuko ya nailoni kwa gundi ya utepe. Hapo utakumbuka kwa nini nilitaka nne ziwe mahali panapofikiwa kwa ngazi ya kawaida. Zile mbili za juu na ile ya bomba zinahitaji jukwaa la kukodi. Mtu asipande mita 7 kwa ngazi mbili zilizofungwa kamba, na asipande bila mkanda wa usalama uliofungwa kwenye kenchi. Ni matakwa ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na zaidi ya hapo ni mtoto wa mtu.

Waya ziwe za shaba tupu. Kwangu huwa nakwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba, ukiwa mweupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa, na umeme wa kamera unapotea njiani. Mwisho wa waya mmoja ni mita 100, na hesabu inaanza kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya zote za kamera: kupanda ukuta mita 7, kutembea mita 30, kushuka bomba mita 3 na nusu, kona na akiba. Wewe hutavuka 60. Juu zipite kwenye waya wa chuma ulionyooshwa kutoka kenchi hadi kenchi, zikifungwa kila nusu mita, mbali na nyaya za taa. Chini ya mita 3 zote ziingie ndani ya bomba la chuma. Godauni la mahindi bila panya sijaliona, na panya hupenda ganda la waya kuliko mahindi yenyewe.

Mashine ya kurekodi isikae kwenye meza ya karani. Iwe kwenye kabati la chuma lenye kufuli, chumba kisicho na vumbi, na ufunguo ukae nyumbani kwako. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inatumia takriban gigabaiti 22 kwa siku. Saba kwa siku 30 ni terabaiti 4 na nusu hivi, kwa hiyo diski ya 6 inakutosha. Umeme ukikatika, UPS, yaani betri ya akiba, ya VA 1000 itakubeba kama saa moja, pengine zaidi kidogo. Ile kamera ya geti iwekewe kinga ya radi kwenye waya wake pale unapoingia jengoni, na kinga hiyo ifungwe kwenye ardhi ya kweli, siyo kwenye msumari uliopigwa ukutani. Masika ya huko unayajua.

Weka bango la Kiswahili mlangoni linalosema eneo linarekodiwa na kwa nini, na wapakiaji uwaambie kwa mdomo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa picha za watu kama hizi, na Tume yake inataka wanaokusanya taarifa wajisajili. Chooni na mahali wanapobadilishia nguo hakuna kamera, hilo halina mjadala.

Kabla hujamlipa yeyote hata shilingi, fanya jaribio la bure. Chukua simu yako. Kamera yake ya kawaida inaona upana usiotofautiana sana na lenzi ya milimita 4. Mpe kijana wako kofia na gunia, atoke mlangoni. Mpige picha ukiwa kwenye ngazi mita 3 juu, mita 5 kutoka kwake. Kisha mwombe fundi wa kwanza, siku ya kupima, ampige kutoka kwenye kenchi anapotaka kufunga. Weka picha mbili mbele ya mafundi wote wawili kabla hamjaanza kuzungumza bei, halafu uwape mpango wa kamera 7 wakupigie hesabu upya.

Na malipo ya mwisho usiyatoe mchana. Mchana kila kamera ni nzuri. Andikianeni kwamba theluthi ya mwisho ya malipo inalipwa usiku, baada ya saa mbili, taa zikiwa kama zinavyokuwa siku zote. Upite mlangoni wewe mwenyewe umebeba kitu, urudi mikono mitupu, usimame kwenye mizani, uzunguke nyuma ya mirundo. Halafu muingie ofisini, mfungue kilichorekodiwa, siyo kile cha moja kwa moja kwenye skrini, maana mara nyingi kinachorekodiwa kimewekwa ubora wa chini bila kukwambia. Simamisha picha pale unapovuka mlango. Mwite mlinzi wa jirani ambaye hakuwepo, umuulize huyo ni nani. Akitaja jina lako, mlipe fundi wako.